Kanda za Far Leys: Historia ya Rekodi Adimu za Nick Drake

Time of No Reply ni albamu ya nyimbo 14 za Nick Drake, mtunzi na mwimbaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 26. Ilitoka mwaka 1986 ikiwa santuri ya nne ndani ya sanduku liitwalo Fruit Tree, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa peke yake. Nyimbo zake zote ni masalia. Zimo zilizoachwa nje ya albamu ya kwanza, zilizorekodiwa nyumbani kwa wazazi wake, zilizokuja kujulikana kwa sura nyingine, na nne alizozirekodi miezi michache kabla ya kufa. Drake hakuipanga albamu hii, hakuipa jina, wala hakuwahi kuulizwa kama anataka itoke. Baada yake ilifuata mikusanyo mingine, kiasi kwamba rekodi zilizotolewa mwimbaji akiwa kaburini zimezidi zile 31 zilizomo katika albamu tatu alizotoa akiwa hai. Historia ya masalia hayo ni historia ya watu walioyatunza: mtayarishaji, mhandisi wa sauti, rafiki wa chuoni, wazazi na dada. Kila mmoja alikuwa na jibu lake kuhusu nini kifanywe na wimbo ambao mwenyewe aliuweka kando.

Nicholas Rodney Drake alizaliwa Rangoon, Burma, tarehe 19 Juni 1948. Baba yake, Rodney, alikuwa mhandisi katika kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya mbao za msaji. Dada yake Gabrielle, aliyekuja kuwa mwigizaji maarufu wa jukwaani na wa televisheni, alikuwa amezaliwa Lahore miaka minne kabla yake. Familia ilirudi Uingereza, na mwaka 1952 ikahamia katika nyumba iitwayo Far Leys, kijijini Tanworth-in-Arden, katika mkoa wa Warwickshire. Jambo moja la nyumba hiyo lina uzito kuliko mengine yote katika habari hii: ilikuwa nyumba ya muziki na ilikuwa na mashine ya kunasa sauti. Mama, Molly, alitunga nyimbo zake mwenyewe na kuziimba akijipigia piano. Baba alipenda mitambo, akawa ndiye anayezinasa katika kanda. Hakuna aliyekusudia kuziuza. Mtoto alikulia mahali ambapo kutunga wimbo, kuuimba sebuleni na kuuhifadhi katika kanda vilikuwa mambo ya kawaida ya jioni.

Mwaka 1967, baada ya kumaliza shule ya bweni ya Marlborough, Drake alikaa miezi kadhaa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, akipiga gitaa mitaani na vyumbani kwa marafiki. Oktoba mwaka huohuo alianza kusoma fasihi ya Kiingereza katika chuo cha Fitzwilliam, Cambridge. Huko alikutana na Robert Kirby, mwanafunzi wa muziki, ambaye alianza kumwandikia sehemu za fidla na ala nyingine za nyuzi. Kipaji cha Drake kiligunduliwa jijini London. Ashley Hutchings wa bendi ya Fairport Convention alimsikia katika onyesho kwenye ukumbi wa Roundhouse, akampelekea habari Joe Boyd, kijana Mmarekani aliyekuwa akiendesha kampuni ya utayarishaji ya Witchseason. Boyd alisikiliza kanda ya nyimbo chache tu na kumpa mkataba mwanafunzi huyo ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 20.

Albamu ya kwanza, Five Leaves Left, ilitoka mwaka 1969. Ya pili, Bryter Layter, ikawafikia wasikilizaji mwaka 1971, na ya tatu, Pink Moon, Februari 1972. Zote tatu zilirekodiwa katika studio ya Sound Techniques mtaani Chelsea, jengo ambalo zamani lilikuwa la biashara ya maziwa, na zote zilipita mikononi mwa mhandisi John Wood. Mauzo yalikuwa haba mno. Inaelezwa kwamba hakuna hata moja iliyofikisha nakala 5,000 wakati wa uhai wake. Drake hakupenda kupanda jukwaani. Alikuwa na mazoea ya kubadilisha sauti za nyuzi za gitaa kwa kila wimbo, na kuzikaza na kuzilegeza upya kulichukua muda mrefu, huku watu baani wakizungumza na kunywa. Hakuna filamu inayojulikana inayomwonyesha akiimba akiwa mtu mzima. Kwa hiyo kilichobaki kwa anayetaka kumjua ni kanda. Ndiyo sababu kila kipande cha sauti yake, hata cha dakika moja, kimetafutwa kwa bidii ambayo mwanamuziki aliyepigwa picha mara elfu asingeipata.

Ili kuelewa masalia yalivyopatikana inafaa kujua studio ya wakati ule ilivyofanya kazi. Albamu ya santuri ilibeba takriban dakika 20 kila upande, na mtayarishaji aliyekuwa na nyimbo 15 alilazimika kuziacha tano. Zilizoachwa hazikutupwa: kanda zake kubwa zilipangwa rafuni zikiwa zimeandikwa jina la msanii na tarehe juu ya boksi. Hata wimbo uliochaguliwa uliimbwa mara kadhaa, na majaribio yaliyoshindwa yakabaki katika kanda ileile. Kazi ya Five Leaves Left ilianza mwaka 1968 na kuendelea zaidi ya mwaka mmoja, kwa vipindi vya saa chache kila mara, kwa sababu Drake alikuwa bado chuoni na Boyd alikuwa na wasanii wengine. Mwendo huo wa polepole uliacha mabaki mengi.

Kulikuwa pia na mvutano juu ya ala. Boyd kwanza alimwajiri Richard Hewson, mpangaji wa muziki mwenye uzoefu, awaandikie wapigaji wa okestra. Drake, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno machache, alikataa matokeo yake na kusema anaye rafiki Cambridge anayeweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Rafiki huyo alikuwa Kirby. Drake alikuwa sahihi, na kazi ya Kirby katika Five Leaves Left ni miongoni mwa sababu za albamu hiyo kudumu. Rekodi za Hewson zikawekwa rafuni. Boyd alimpa nafasi pia mpigaji ngoma Rocky Dzidzornu, Mghana aliyekuwa akifanya kazi London, na mapigo yake ya konga yamo katika toleo rasmi la wimbo Three Hours.

Pink Moon ilikuwa kinyume cha yote hayo. Oktoba 1971 Drake alimpigia simu John Wood, wakakutana studio usiku, watu wawili peke yao. Kwa usiku mbili waliimaliza albamu nzima: sauti na gitaa kavu, na piano kidogo iliyoongezwa katika wimbo wa kwanza. Ina nyimbo 11 na haifiki dakika 30. Kutoka katika vipindi hivyo hakukubaki karibu kitu. Msanii alijua anachotaka, akakiimba, akaondoka.

Wakati huo Boyd alikuwa ameshahama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliiuza Witchseason kwa kampuni ya rekodi ya Island na kwenda Los Angeles kufanya kazi ya muziki wa filamu. Katika mauzo hayo aliweka sharti moja lililokuja kuwa na faida kubwa: albamu za Nick Drake zisiondolewe kamwe katika orodha ya bidhaa za kampuni. Wasanii waliouza nakala chache kama yeye kwa kawaida walifutwa baada ya miaka miwili mitatu, na kanda zao zikasahaulika, zikapotea au zikafutwa ili zitumiwe tena. Za Drake zilibaki. Bila sharti lile pengine hakungekuwa na mikusanyo ya kuandikia habari.

Drake alirudi kuishi Far Leys akiwa mgonjwa wa sonona. Mwanzoni mwa mwaka 1974 alimtafuta tena John Wood, na Julai mwaka huo akaingia studio, Boyd naye akiwepo. Hali yake ilikuwa imezorota. Wood amesimulia kwamba Drake, ambaye siku zote aliimba na kupiga gitaa kwa pamoja bila kukosea, safari hii alishindwa. Ilibidi gitaa lirekodiwe kwanza, kisha sauti iwekwe juu yake. Zilipatikana nyimbo nne zilizojulikana kwa miaka mingi: Rider on the Wheel, Black Eyed Dog, Hanging on a Star na Voice from the Mountain. Boyd ameeleza katika kumbukumbu zake, White Bicycles, kwamba Drake alimuuliza kwa uchungu kwa nini, kama kweli yeye ni mahiri kama alivyoambiwa, hana pesa wala wasikilizaji. Hanging on a Star inabeba swali hilo waziwazi.

Tarehe 25 Novemba 1974 alifariki nyumbani kwa wazazi wake baada ya kumeza kupita kiasi dawa za sonona alizoandikiwa. Mchunguzi wa vifo aliamua kwamba alijiua. Watu wa familia na baadhi ya marafiki hawakukubali kwamba jambo hilo lilikuwa na hakika kiasi hicho. Majivu yake yalizikwa chini ya mwaloni katika uwanja wa kanisa la kijiji.

Miaka iliyofuata haikuleta kelele yoyote. Mwaka 1979 Island ilitoa Fruit Tree kwa mara ya kwanza: sanduku la santuri tatu, yaani albamu zake zote, pamoja na kijitabu cha maelezo. Nyimbo nne za 1974 zilibandikwa mwishoni mwa Pink Moon. Kwa wakati wake lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu masanduku ya aina hiyo walitengenezewa wasanii wakubwa, na huyu alikuwa hajulikani. Liliuzwa kidogo. Hata hivyo lina kosa moja ambalo mpenzi wa Pink Moon hawezi kulipuuza. Albamu ile Drake mwenyewe aliifunga. Wimbo wake wa mwisho, From the Morning, unamwachia msikilizaji asubuhi yenye mwanga. Kuufuatisha na nyimbo kama Black Eyed Dog, wimbo wa mtu aliyechoka anayetaka kurudi nyumbani, kulimfanya msikilizaji aione albamu nzima kama barua ya kifo, jambo ambalo kanda zenyewe hazikusema.

Wakati huohuo Far Leys ilianza kupata wageni. Vijana kutoka Uingereza, Marekani na nchi nyingine za Ulaya, waliozipata santuri zile kwa bahati, walifika kijijini kutafuta kaburi kisha wakabisha hodi nyumbani. Rodney na Molly waliwapokea. Waliwakaribisha chai, wakawaonyesha chumba cha mtoto wao, na wakawawekea kanda alizorekodi pale nyumbani. Baadhi yao Rodney aliwanakilia. Ulikuwa ukarimu wa wazazi waliofurahi kuona kwamba mtoto wao, ambaye hakupata wasikilizaji akiwa hai, sasa anatafutwa na watu wasiomjua. Lakini nakala ilizaa nakala. Kila kanda inaponakiliwa kutoka kanda nyingine mchakacho huongezeka na sauti hufifia, na kasi ya mashine ikitofautiana kidogo wimbo hupanda au kushuka. Ndani ya miaka michache nyimbo za sebuleni Far Leys zilikuwa zikizunguka duniani katika matoleo ya magendo, nyingine zikisikika kama zimetoka chini ya kisima, bila idhini wala malipo kwa yeyote. Magendo hayo, kuliko mipango ya kampuni yoyote, ndiyo yaliyokuja kuwalazimisha warithi kuamua.

Hatua ya kwanza ilichukuliwa na Boyd. Alikuwa ameanzisha lebo yake, Hannibal, na katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ameshashiriki kutengeneza mkusanyo mwingine wa aina hiyo, Who Knows Where the Time Goes?, kwa ajili ya Sandy Denny, mwimbaji wa Fairport Convention aliyefariki mwaka 1978. Mwaka 1985 bendi ya The Dream Academy ilipata mafanikio makubwa kwa wimbo Life in a Northern Town, uliotolewa kwa heshima ya Drake, na jina lake likaanza kutajwa redioni. Akishirikiana na Frank Kornelussen, Boyd alipitia kanda zilizokuwepo, akazitoa zile nyimbo nne kutoka mkiani mwa Pink Moon, na kuziweka katika santuri mpya pamoja na nyimbo nyingine kumi. Hiyo ndiyo Time of No Reply.

Wimbo uliobeba jina la albamu ulikuwa umekusudiwa kuingia Five Leaves Left ukaachwa. Ni vigumu kuelewa kwa nini. Ni wa gitaa moja tu, umesimama imara, na Drake aliupenda kiasi cha kuuimba katika kipindi cha John Peel cha redio ya BBC Agosti 1969, wakati albamu isiyokuwa nao ilikuwa imeshatoka. Clothes of Sand na Joey ni za wakati huohuo na zinaonyesha jinsi shindano la kuingia katika albamu ya kwanza lilivyokuwa kali. I Was Made to Love Magic imo na okestra ya Hewson, ileile ambayo Drake aliikataa. Msikilizaji anapata kuhukumu mwenyewe, na wengi watakubaliana na kijana yule: okestra inaujaza wimbo utamu hadi sauti inakosa pa kupumulia. The Thoughts of Mary Jane imo ikiwa na gitaa la umeme la Richard Thompson, linalotembea kando ya sauti kwa adabu. Toleo rasmi lilikuja kupewa filimbi na nyuzi badala yake. Yote mawili ni mazuri, na kuyasikia pamoja kunafundisha mengi juu ya kazi ya mtayarishaji.

Mayfair una historia ya pekee. Drake hakuuweka katika albamu yoyote, lakini mwaka 1970 uliimbwa na Millie Small, yule Mjamaika aliyevuma miaka sita kabla kwa My Boy Lollipop. Ni miongoni mwa nyimbo chache za Drake zilizorekodiwa na mtu mwingine akiwa hai. Kampuni iliyosimamia haki zake za utunzi ilijaribu pia njia nyingine: mwaka huohuo ilimlipa mpiga piano aliyekuwa bado hajajulikana, Elton John, aimbe nyimbo zake kadhaa ili zitangazwe kwa waimbaji wengine. Hazikuchukuliwa, na leo rekodi hizo nazo zinawindwa.

Kutoka nyumbani zimo Been Smoking Too Long, iliyotungwa na Robin Frederick, Mmarekani aliyekutana na Drake kule Aix, na Strange Meeting II. Mchakacho wa kanda unasikika, na chumba kinasikika. Boyd na mwenzake hawakujaribu kuvificha. Hapa ndipo ulipo ubora wa mkusanyo huu ukilinganishwa na uliofuata. Uliziacha nyimbo zilivyokutwa. Wimbo usiokamilika haukukamilishwa, na hakuna ala iliyoongezwa kwa mkono wa mtu ambaye hakuwepo chumbani siku ile.

Rodney alifariki mwaka 1988 na Molly mwaka 1993. Usimamizi wa mirathi ukawa mikononi mwa Gabrielle, akisaidiwa na Cally Callomon, mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni za muziki. Novemba 1999 kampuni ya magari ya Volkswagen ilianza kuonyesha nchini Marekani tangazo la gari la wazi, vijana wanne wakiendesha usiku chini ya mbalamwezi, Pink Moon ikipigwa bila maneno mengine. Mauzo ya albamu hiyo, yaliyokuwa ya maelfu machache kwa mwaka katika nchi hiyo, yaliruka mara nyingi ndani ya miezi. Mwimbaji aliyekuwa siri ya wachache akawa mali ya wengi, na maswali juu ya kilichobaki katika makabati yakaongezeka.

Jibu lilikuja mwaka 2004 kwa albamu Made to Love Magic. Ndani yake mna ugunduzi wa kweli. John Wood alipokuwa akiisikiliza upya kanda ya 1974 aliiacha iendelee kuzunguka baada ya wimbo wa nne kwisha, na ukatokea wa tano ambao kila mtu alikuwa ameusahau: Tow the Line. Kwa miaka 30 hakuna aliyejua upo. Mmo pia River Man iliyorekodiwa Cambridge mwaka 1968, gitaa na sauti tu. Kwa wanaoijua ile ya albamu, yenye nyuzi zilizopangwa na Harry Robinson, ni kama kuuona msingi wa nyumba kabla kuta hazijapandishwa.

Lakini albamu hiyo ilivuka mpaka ambao Time of No Reply haikuuvuka. Kwa nyimbo mbili, Time of No Reply yenyewe na I Was Made to Love Magic, ambayo sasa iliitwa Magic tu, Robert Kirby alirudi studio akaongoza ala za nyuzi kwa kufuata mipango yake, na sauti mpya zikawekwa juu ya rekodi ya zamani. Hoja ya kutetea jambo hilo ina nguvu. Kirby alikuwa chaguo la Drake mwenyewe, na kwa Magic alikuwa anarekebisha kosa ambalo Drake alililalamikia waziwazi. Umma nao uliridhika: Magic ilitolewa kama wimbo mmoja na ikaingia katika arobaini bora za Uingereza, mara ya kwanza kwa Drake. Hata hivyo nyimbo hizo mbili hazina hadhi sawa. Magic ilikuwa na kasoro iliyojulikana na dawa iliyojulikana. Time of No Reply haikuwa na kasoro. Gitaa lile lilijitosheleza, na nyuzi zilizoongezwa, pamoja na uzuri wake, zinajibu swali ambalo wimbo haukuuliza.

Mwaka 2007 ikatoka Family Tree, vipande 28 kutoka kanda za kabla ya Five Leaves Left. Hii ndiyo albamu ambayo magendo yaliilazimisha kuzaliwa. Gabrielle aliona kwamba, kwa kuwa nyimbo hizo zilikuwa zimeshafika kila mahali katika hali mbaya, ni afadhali familia izitoe zikiwa zimesafishwa na kupangwa. Aliandika barua ya wazi kwa kaka yake aliyekufa, akimweleza kwamba anatoa kitu ambacho huenda mwenyewe asingeruhusu. Ni nadra kwa mrithi kusema hivyo juu ya bidhaa anayoiuza, na uaminifu huo unastahili sifa.

Maudhui ya Family Tree ni tofauti na ya mikusanyo iliyotangulia. Zaidi ya nusu ya kazi si utunzi wa Drake. Kuna blues za Wamarekani weusi, nyimbo za jadi, na za watunzi waliokuwa wakiigwa na kila kijana mwenye gitaa miaka ile: Bert Jansch, Bob Dylan, na Jackson C. Frank, Mmarekani aliyerekodi albamu moja London mwaka 1965 kisha akapotea. Drake anaimba All My Trials pamoja na dada yake. Anapiga klarineti katika kipande cha Mozart pamoja na ndugu wengine wa familia. Hapa hakuna ufundi uliokomaa, ila kuna kitu kisichopatikana katika albamu zile tatu: kijana akijifunza kwa kuiga, akitafuta vidole viende wapi. Na kilicho bora kuliko vyote katika mkusanyo huo hakimhusu Drake kama mwimbaji. Ni nyimbo mbili za mama yake, Poor Mum na Do You Ever Remember?, zilizonaswa na Rodney. Anayezisikia anatambua mara moja mwana alikotoa namna yake ya kukunja sauti na kumalizia mstari kwa huzuni isiyolia. Waandishi walikuwa wamesema mengi juu ya athari za Ufaransa na Cambridge. Chanzo kilikuwa kwenye piano ya nyumbani. Nyimbo za Molly Drake baadaye zilikusanywa katika albamu yake mwenyewe, miaka takriban 20 baada ya kifo chake, na zikapata wapenzi ambao hawakuja kwa ajili ya mwanawe.

Mwaka huohuo wa 2007 nchini Marekani ulitoka mkusanyo mwingine unaofaa kulinganishwa nao: New Moon wa mwimbaji Elliott Smith, aliyefariki Oktoba 2003. Una nyimbo 24 katika diski mbili, nyingi zikiwa zilirekodiwa kati ya 1994 na 1997 na kuachwa. Larry Crane, mtunza kumbukumbu wa rekodi zake, alizichanganya sauti kwa mkono mwepisi bila kuongeza ala, na sehemu ya mapato ikaenda kwa shirika la Portland linalohudumia vijana wasio na makazi. Smith alirekodi sana, hivyo masalia yake yalikuwa nyimbo kamili. Ya Drake yalikuwa machache na yalitawanyika, na kila moja lilibebeshwa uzito mkubwa zaidi.

Kutawanyika huko ndiko kulikoamua hatua zilizofuata. BBC haikuhifadhi kanda ya kipindi cha Peel cha 1969. Kilichonusurika kilinaswa kutoka redioni na msikilizaji, na kikatolewa mwaka 2014 pamoja na toleo maalumu la Remembered for a While, kitabu kikubwa cha barua, picha na kumbukumbu kilichosimamiwa na Gabrielle. Kisha mwaka 2025 ukatoka mkusanyo wa diski nne, The Making of Five Leaves Left, wenye zaidi ya rekodi 30 ambazo hazikuwa zimetolewa. Mbili kati ya hazina zake hazikutoka katika rafu za kampuni. Moja ni kanda ya kipindi cha kwanza kabisa cha studio, cha Machi 1968, ambayo mwimbaji Beverley Martyn aliipata na kuitunza kwa miongo kadhaa. Nyingine ilirekodiwa chumbani Cambridge mwaka 1968 na rafiki wa chuoni, Drake akimwelezea Kirby jinsi anavyotaka kila wimbo upangwe: wapi nyuzi ziingie, wapi zinyamaze.

Kanda hiyo ya Cambridge inabadilisha picha iliyozoeleka ya kijana dhaifu aliyeongozwa na wakubwa wake. Anazungumza kwa uhakika, anatoa maelekezo, anakataa na kuchagua. Mkusanyo umepangwa kwa mfuatano wa wakati, toka jaribio la kwanza la Machi 1968, kupitia nyimbo zilizoanza kwa njia moja na kuachwa, hadi zile zilizopata ala zake. Hakuna kilichoongezwa wala kurekebishwa kwa vyombo vipya. Diski tatu za kwanza ni za kazi ilipokuwa ikifanyika. Ya nne ni Five Leaves Left yenyewe, nyimbo kumi, kwa mpangilio uleule wa mwaka 1969.